Mfasiri Aliyekataza Watu Kufa

Katika banda lake la video pale Busia, upande wa Uganda, niliona watu wakipigwa risasi, wakikatwa mapanga, wakitupwa kutoka kwenye helikopta na kumezwa na mamba, na kwa miaka yote hiyo hakufa hata mmoja. Mfasiri hakuruhusu. Jambazi akimiminiwa risasi, akaanguka, macho yakamtoka, sauti ya kukwaruza ilisikika kwenye spika: "Huyu amelala kidogo. Kesho asubuhi anaanza kazi kwenye kiwanda cha saruji Tororo." Aliyezama baharini alikuwa amekwenda Mukuju kumsaidia shangazi yake kupalilia karanga. Aliyekatwa kichwa ndiye aliyemsumbua. Siku hiyo alikohoa, halafu akasema, "Hii kesi ni ya hospitali kubwa," na banda zima likapiga makofi.

Kwa asiyezijua kazi za huko, nieleze. Sinema ikiwa ya Kichina, ya Kihindi au ya Kizungu, mtu anakaa kando ya skrini na maikrofoni, anapunguza sauti ya sinema, anawaambia watazamaji nani kasema nini. Wateja walimwita Vijei, kama wanavyoitwa wenzake Uganda nzima. Mimi namwita Mfasiri, ingawa kufasiri ndicho kitu alichokifanya kwa nadra. Alijua Kiswahili cha mpakani, Kisamia cha mkewe, Kiingereza cha kutosha kugombana na askari wa forodha, basi. Lugha nyingine zote alizisoma usoni. "Mchina akiongea sana," aliniambia, "maana iko kidogo. Akinyamaza, hapo ndiyo unatafsiri mpaka koo linakauka."

Mimi ni mtu wa marobota ya mitumba. Leo niko Busia, kesho Tororo, wiki ijayo Mbale au Eldoret. Nimepita miaka arobaini na sijawahi kulala kwenye kitanda kimoja mwaka mzima. Nikiulizwa kwetu ni wapi, huwa naanza kueleza njia. Lakini nikilikumbuka banda lile, na benchi la tatu lenye msumari uliochana sketi zangu mbili, moyo unanishika kama wa mtu aliyeacha nyumba. Marobota yangu yalilala nyuma ya spika. Kodi niliyotozwa ilikuwa kumletea Mfasiri sinema kutoka upande wa Kenya.

Alifanya kazi amevaa koti na tai. Jua la saa nane, mabati yanalia, watu ishirini na tano wanatoka jasho kama wamenyeshewa, na yeye yuko ndani ya koti la sufi. Nilimwambia alivue. Alinishangaa. "Hawa watu wametoka Hong Kong," akasema. "Utawapokea na singlendi?"

Sheria yake ya kutokufa ilitungwa Tororo, alikoanzia kazi katika chumba kimoja karibu na reli. Siku moja stelingi alikufa mwishoni mwa sinema, naye akasema hivyo hivyo, stelingi amekufa. Watu walimrushia viatu. Alinisimulia kwamba alipata viatu kumi na saba, vyote vya kushoto, kwa sababu watu wa Tororo si wajinga, walijua watahitaji kuruka kwa mguu mmoja kurudi nyumbani. Hiyo sehemu ya kushoto siiamini. Nyingine naiamini, kwa sababu mkewe alikuwepo, na mkewe hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekufa, na sheria ikatoka ndani ya banda ikamfuata mpaka nje. Jirani akifariki, yeye alisema "hayupo kwa sasa." Kuku akitakiwa kuchinjwa, alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli sokoni. Na bado hakuna msiba uliompita. Alikuwa wa kwanza kufika, alibeba viti, alifunga hema, aliwapangia wapishi mafiga, alikula sahani mbili. Wakati wa kuaga mwili tu ndipo alipopotea. Ungemkuta nyuma ya nyumba, na koti lake, akiwafundisha vijana wa boda namna ya kukunja turubai.

Na huyo huyo, mwongo wa saa nane mfululizo kila siku, akishaiweka chini maikrofoni hakuweza kudanganya hata mtoza ushuru. Niliwahi kumwona akipanda boda mpaka Tororo, mwendo wote huo na vumbi, kwenda kumwambia mtu kwamba kanda aliyoazimwa miaka tisa iliyopita ilikuwa imeliwa na panya. Mwenye kanda hakuikumbuka. Mfasiri akarudi amekasirika, eti yule mtu hakuwa makini.

Mkewe tulimwita Mama Tiketi. Alitoka Bulumbi, na alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki kilichoshonwa kwa waya, akamwamkia kila aingiaye, "Mulembe," huku mkono umeshanyooshwa. Hakuna aliyepita bure. Padri aliwahi kuja kumtafuta mwanakwaya wake mle ndani, akakatiwa tiketi. Tangu watoto wao waolewe mbali, wawili wale walikuwa wakigombana kuanzia asubuhi mpaka jioni kwa raha zao wenyewe.

"Mzee, tai imepinda."

"Iko sawa."

"Imepinda kama mdomo wako."

"Basi zinafanana, acha zikae pamoja."

Nilidhani wataendelea hivyo mpaka mabati yaoze. Kisha Mama Tiketi akaanza kushika ubavu anapoinuka.

Walikwenda hospitali, na yaliyotokea huko nilisimuliwa na Mama mwenyewe, tukichambua maharage nyuma ya banda. Daktari alikuwa kijana, akaongea Kiingereza. Mfasiri akafasiri. Daktari aliongea kwa muda mrefu, akaonyesha picha, akashusha macho, akamshika Mama mkono. Mfasiri akakohoa, akasema, "Daktari anasema ni gesi. Unywe tangawizi."

"Mwanangu," Mama aliniambia, "gesi gani hiyo ya kushikwa mkono? Mimi nimekaa na huyu mwanamume miaka thelathini na mbili, nimetazama sinema zake zote kwa mgongo. Nisijue akidanganya? Ile kukohoa ndiyo anaanza."

"Ulimwambia unajua?"

"Nikimwambia atafanya nini? Atanipeleka kiwanda cha saruji."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaacha kucheka, akaniambia kilichokuwa kinamsumbua, na hakikuwa maumivu. Mfasiri alikuwa na kipande cha ardhi Mukuju. Matofali yalichomwa zamani, yamerundikwa pale, nyasi zimeota juu yake. Nyumba haikujengwa. Kwa desturi ya watu wa mumewe, mke hazikwi kwenye boma ambalo mumewe hajajenga. Wakiuleta mwili wake boma likiwa tupu, ndugu watasimamisha kibanda cha miti asubuhi, mabua kwa ukuta, ili ionekane kulikuwa na nyumba, na jioni kianguke. Alikuwa ameshaona mwanamke akizikwa hivyo. Watu wa Bulumbi walitoka pale wakisema dada yao alikuwa mpangaji.

"Mimi sitaki jumba," alisema. "Nataka mlango wangu, nitolewe kupitia huo. Lakini nikimwambia jenga, ananiambia matofali bado yanakauka. Tofali lilichomwa kabla ya simu kuja! Lisikauke?"

Nilielewa vizuri. Kujenga ile nyumba ilikuwa ni kukubali kwamba haikuwa gesi. Kwa hiyo mara mvua ilikuwa nyingi, mara jua lilikuwa kali, mara fundi alikuwa amekwenda Kenya. Fundi yule nilikutana naye Busia kila Alhamisi, anakunywa chai.

Sasa ile sinema. Hapo lawama ni yangu.

Niliinunua upande wa Kenya kwa kuangalia gamba. Kulikuwa na picha ya mzee anatoka dirishani na bunda begani, macho yanaangalia nyuma, maandishi mekundu ya lugha nisiyoijua. Muuzaji akaapa. "Hii ni noma, mathe. Ni story ya wizi, wizi tu mwanzo mpaka mwisho."

Mfasiri hakuwa mtu wa kuitazama sinema kabla. Alisema mwanamume hawezi kwenda uwanjani anajua mabao. Basi Jumamosi saa nane mchana, banda limejaa madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao zipite, wapakizi wa mizigo na boda, akarekebisha koti, akatangaza: "Leo ni majambazi! Wenye roho nyepesi wakae karibu na mlango!"

Kwenye skrini palikuwa na chumba. Bibi mmoja amelala kitandani. Mume wake anachemsha maji. Birika hilo tulilitazama, nadhani, dakika nane.

"Hapa wanapanga mpango," akasema Mfasiri. "Maji yakichemka tu, polisi wamekwisha."

Maji yakachemka. Mzee akatia majani ya chai.

"Polisi wamechelewa. Barabara mbovu."

Watu wakacheka, wakavumilia. Bibi akamwita msichana wa jirani, akampa viatu vyake. Kulipokucha mzee akaruka dirisha la jirani, akavichukua vile viatu, akavirudisha chini ya kitanda. Banda likalipuka. "Mwizi! Mwizi!" Mfasiri alisimama kwa furaha. "Nilisema! Ameanza na viatu, atamaliza na benki!"

Lakini benki haikuja. Bibi akagawa kitana, mzee akakiiba. Akagawa kitambaa cha kichwa, mzee akakiiba. Kati ya wizi na wizi walikaa tu wanatazamana, au inzi anatembea ukutani, na Mfasiri akawa anamtafsiri inzi, anawasalimia madereva kwa majina ya malori yao, anatangaza kwamba kuna pikipiki imeziba njia. Watu wanane waliondoka. Mpakizi mmoja wa benchi la mbele akauliza, "Vijei, mbona anaiba kwa watu wote halafu anapeleka kwa huyu mama mgonjwa?"

Mfasiri akakohoa. "Huyo mama ndiye mkubwa wa genge."

"Mwongo," ilisema sauti mlangoni.

Tuligeuka sote. Mama Tiketi, ambaye hakuwahi kuuacha mlango wake sinema ikiendelea, alikuwa amesimama ndani, ameshika nguzo, sweta mbili mwilini.

"Huyo si mwizi. Ni mume wake. Mama anagawa vitu kwa sababu anakufa, na mzee hataki."

"Mama Tiketi, kwani wewe unajua hiyo lugha?" akauliza dereva.

"Na huyo mwenye tai anajua?"

Kicheko kikatikisa mabati. Mfasiri akaisogeza maikrofoni mdomoni. "Wateja wapendwa, mlango unapiga kelele, tutautia mafuta. Huyu mama ana mafua. Anagawa viatu sababu vinambana."

"Na kitana kinambana?"

"Kitana... kina meno makali."

"Na kitambaa?"

"Mama, kaa. Unaharibu kazi."

"Fanya kazi basi! Sema anachosema!"

Kuanzia hapo tulikuwa na wafasiri wawili. Bibi kwenye skrini akifungua mdomo, Mfasiri alisema anaomba chai, Mama akasema anaomba aachwe apumzike. Mzee akinuna, Mfasiri alisema anawaza mgawo wa wizi, Mama akasema anaogopa kulala peke yake. Watu walianza kupiga kura. "Sisi tunataka ya mlangoni!" alipaza sauti yule mpakizi. Wengine walimpa Vijei kura yao, kwa sababu ya uaminifu wa miaka mingi. Mimi nilicheka na wenzangu, na katikati ya kicheko nikaona mikono ya Mama ilivyoing'ang'ania nguzo, nikajua kwamba hakuwa akitania hata kidogo.

Ilibaki kikombe. Kilikuwa cha bati, bibi alikinywea tangu sinema inaanza, na alikigawa cha mwisho, kwa jirani mzee kama yeye. Kulipokucha mume akaenda dirishani kama kawaida yake, akanyoosha mkono. Ndani, jirani alikuwa anakunywa uji kwa kile kikombe, amekishika kwa mikono miwili, mvuke unampanda usoni. Mzee akasimama na mkono wake hewani. Alisimama muda mrefu kupita lile birika. Kisha akaurudisha mkono mfukoni, akaenda nyumbani. Bibi alimtazama mikono, akaona ni mitupu, akasogea kidogo kitandani ili mume apate nafasi.



Hatukuwahi kusikia spika ile ikiwa kimya. Ilitoa mlio mwembamba tu. "Vijei," mtu akaita, "umeme umekatika mdomoni?" Hakuna aliyecheka.

"Ameacha kikombe," akasema Mfasiri hatimaye. Hakukohoa. "Amekiacha. Huyu mama anakufa. Yeye anajua, na mzee naye anajua. Ile siku ya gesi alijua."

"Gesi gani?" akauliza dereva. 

Mfasiri alikuwa ameipa skrini mgongo. Tai ilikuwa imepinda kweli. Akasema, bado kwenye maikrofoni, sauti ikazagaa mpaka barabarani, "Mama. Mlango wa nyumba, unataka uangalie wapi?"

Wale wengine walidhani bado anafasiri. Walitazama skrini kumtafuta mwenye kuulizwa.

"Barabarani," akasema Mama Tiketi. "Nione nani anaingia bila kulipa." Akarudi kwenye kiti chake.

Sinema iliendelea kwa muda mrefu bila mfasiri yeyote, na watu waliobaki wakaitazama hivyo hivyo mpaka mwisho. Wakati wa kutoka dereva mmoja alinishika bega. Akaniomba kwa heshima kwamba wiki ijayo nilete karate.

Jumatatu yake Mfasiri alifunga banda kwa mara ya kwanza, akaenda Mukuju na jembe. Fundi akapatikana, akafukuzwa siku ya tatu kwa kuweka tofali bila adabu. Mimi nilikuwa na safari ya Kitale, kutoka huko Lodwar, kutoka huko mambo yakazaa mambo. Simu iliibwa, namba zikaenda nayo. Miaka miwili ilipita kabla sijashuka tena Busia. Banda lilikuwa limekuwa duka la vifuniko vya simu, na msichana wa pale hakujua chochote kuhusu sinema. Nikapanda boda kwenda Mukuju.

Nyumba niliitambua kwa mbali, kwa kuwa ilikuwa imewapa mgongo majirani wote ili iangalie barabara. Ilikuwa ndogo, vyumba viwili, mabati mapya, ukuta umenyooka kuliko nilivyotegemea. Mfasiri alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi, bila koti. Alikuwa na mabega membamba. Sikuwahi kuyajua.

"Msafiri!" akasema. "Umeshiba barabara?"

Nilimpa sukari na sabuni nilizoleta. Nikauliza habari za mvua, za karanga, za watoto. Swali lenyewe nikawa nalizungushia maneno, hata nikasema, "Na Mama, je, yupo... hayupo kwa sasa?"

"Alikufa," akasema. "Mwezi wa nne, siku ya soko. Alikaa humu miezi kumi na moja, akalalamikia moshi miezi yote kumi na moja. Yuko pale upande wa ndizi. Watu wa Bulumbi walikuja malori mawili, wakaizunguka nyumba, wakagonga ukuta na ngumi. Hawakupata la kusema."

Akanikaribisha ndani. Hapo ndipo nilipoona kwamba mlango haukuwepo. Palikuwa na pazia, na kando yake ukuta ulikuwa umemeguliwa tofali kama sita kila upande, kingo zake bado mbichi. Fremu ya mbao ilikuwa imeegemezwa pembeni, nzima, bawaba zake zinang'aa. Ilikuwa nyembamba kupita kiasi. Mtu mwenye robota begani asingepita.

"Jeneza liliungwa humu humu ndani, kutoka likakataa," akasema Mfasiri aliponiona nikiipima kwa macho. "Mchungaji ameshamaliza kuomba, kwaya inaimba, vijana wanasukuma, halipiti. Mmoja anasema tulilaze ubavu. Nikamwambia jaribu, uone kama hatakutukana. Ikabidi kwaya irudie wimbo mara nne tukibomoa."

Alicheka, nami nikacheka, na tulipotulia nikaigusa ile fremu.

"Fundi gani huyu alipima mlango hivi?"

Alikuwa amekwishaanza kutafuta vikombe. Hakukohoa.

"Mimi," akasema. "Nilimsimamisha hapo, nikaweka alama ya mkaa kulia, nikaweka kushoto. Nilipima mtu anayetembea."